Kitabu kizuri kwa nani? Kutenganisha uchambuzi, tahakiki na pendekezo

Muulize mtu aliyemaliza kidato cha nne, awe Mwanjelwa kule Mbeya au Miyomboni kule Iringa, akupendekezee riwaya. Mara nyingi atakupa dhamira. "Kinahusu rushwa." "Kinaelimisha kuhusu ndoa za kulazimishwa." Hajakosea, amejibu swali la mtihani. Shuleni amezoezwa kukigawa kitabu mafungu mawili: huku fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kule maudhui, yaani dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa, mwishoni anamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Utaratibu huo una kazi yake. Lakini ulitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye kitabu ameshakisoma na hana ruhusa ya kukiacha. Anayeomba ushauri wa kitabu hajakisoma, na akichoka ukurasa wa 30 atakiweka juu ya kabati na asirudi tena.

Hapo ndipo mambo manne yanapochanganywa. Muhtasari hueleza kilichotokea. Uchambuzi hueleza kitabu kimejengwaje, na huzungumza na aliyekwisha kukisoma. Tahakiki hutoa hukumu yenye ushahidi kwa ambaye bado hajakisoma. Pendekezo ni kumkabidhi mtu fulani kitabu fulani kwa wakati fulani. Mtu anaweza kuwa hodari katika uchambuzi akawa hovyo kabisa katika pendekezo, na walimu wengi wa fasihi wanalijua hilo ingawa hawalisemi.

Dhamira peke yake haimsaidii mchaguzi, na ni rahisi kuona kwa nini. Chukua riwaya mbili zilizotoka karibu wakati mmoja: Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Makuadi wa Soko Huria ya Chachage S. Chachage (2002). Kwa lugha ya darasani zote mbili zinahusu viongozi walioisaliti nchi na uchumi uliouzwa. Ukizifungua hazifanani hata chembe. Ya kwanza inamtoa babu kaburini aje kumsumbua mjukuu wake, ambaye ni mkubwa wa serikali, na msomaji anatembezwa katika mambo ambayo hayawezekani mchana kweupe. Ya pili imejaa hoja, historia na mijadala ya uchumi. Anayependa makala ndefu za magazeti ataifurahia, anayetaka kisa kikimbie atalalamika kwamba anahutubiwa. Mtu akiambiwa tu "zinahusu ufisadi" ameachwa palepale alipokuwa.

Pendekezo linalofaa hujibu maswali matatu, na si lazima kwa mpangilio huu: msomaji wa aina gani, anaingia wapi, na nini kitamkwaza. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa, kwa sababu watu hudhani kutaja kikwazo ni kukiponda kitabu. Kinyume chake, anayejua kikwazo kipo ukurasa wa ngapi hukivuka. Hebu tazama mfano wa maneno yasiyofika hata 80:

"Kama unapenda hadithi ya mitaani yenye mazungumzo mengi, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Ni Unguja ya enzi za mwisho za ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anamkimbia mumewe na kujikuta miongoni mwa watu wanaowindwa na serikali. Kiswahili chake ni cha visiwani. Mwanzoni kitakusimamisha, baadaye sikio huzoea. Usitarajie somo la historia. Siasa imo, lakini mapenzi ndiyo yanayokuvuta mpaka mwisho."

Hakuna neno "dhamira" humo, wala "kinaelimisha". Msomaji anajua kama kitabu ni chake au si chake. Ukilinganisha na "ni kitabu kizuri sana, lazima usome", tofauti inaonekana bila kuelezwa.

Kabla ya kuhukumu, fungua ukurasa wa hakimiliki

Neno "kisasa" limeleta ubishi mwingi usio na sababu. Riwaya za Kiswahili huchapwa upya, hubadilishiwa jalada, hutafsiriwa baada ya miongo, kisha zikatua mezani kama mpya. Riwaya ya Peponi ilitolewa na wachapishaji Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya Abdulrazak Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli. Lakini asili yake ya Kiingereza ni ya 1994. Je, ni kitabu cha juzi au cha miaka thelathini iliyopita? Kwa lugha ya Gurnah ni cha 1994, kwa Kiswahili ni cha 2022, na tahakiki makini hutaja miaka yote miwili kisha ikaendelea na safari.

Majibu yapo nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuta mambo manne: mwaka wa toleo la kwanza, mwaka wa chapa uliyoshika, mchapishaji, na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Toleo jipya huweza kuwa na maandishi yaliyobadilishwa. Chapa mpya ni kitabu kilekile kilichorudi mashineni. ISBN nayo inasema jambo: inayoanza na 978-9976 au 978-9987 imesajiliwa Tanzania, 978-9966 imesajiliwa Kenya. Hiyo ina maana kwa mtu wa Mbeya, kwa sababu kitabu cha Kenya kinaweza kuadimika madukani huku hata kama kinasifiwa kila mahali, na kukipendekeza bila kusema kitapatikanaje ni kumpa mtu hamu ya bure.

Andika chapa uliyotumia kila unapotaja ukurasa. Ukisema "tazama ukurasa wa 112" na mwenzako ana chapa nyingine yenye herufi ndogo, atatafuta mpaka achoke na ataanza kudhani umebuni. Ukitaja sura pamoja na ukurasa, tatizo linaisha.

Jambo jingine la kukagua ni ukamilifu wa nakala. Vitabu vingi hufungwa kwa makunjo ya kurasa 16 au 32. Kunjo moja likiruka kiwandani, au aliyetoa fotokopi akipitiwa, utakosa kurasa 16 au zaidi mfululizo, na kwa riwaya inayorukaruka wakati unaweza usigundue. Kuna tahakiki zinazomlaumu mwandishi kwa "mtiririko uliokatika" wakati kilichokatika ni nakala. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa kabla ya kulipa. Ni kazi ya dakika mbili. Fotokopi na faili zinazosambazwa kwenye simu, pamoja na kuwa ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ndizo zenye kasoro hizi kuliko zote.

Kusoma kwa ajili ya kuhukumu

Soma mara ya kwanza kama msomaji wa kawaida, penseli mkononi, bila kuandika hoja yoyote. Weka alama mbili tu pembeni: moja pale uliposhikwa, nyingine pale ulipojikuta unasoma mstari uleule mara mbili bila kuelewa, au unatazama simu. Ukimaliza, alama hizo ndizo ramani yako. Kwa kawaida za kuchoka hukusanyika mahali pamoja, na riwaya nyingi huchokesha katikati, baada ya mgogoro kujulikana na kabla haujakaza. Rudi kwenye kurasa hizo ujiulize chanzo ni nini. Je, mhusika anasema kile ambacho msimulizi alikwishasema? Mwandishi ameingiza hotuba? Wameingia wahusika watano wapya kwa mpigo? Hapo umepata hoja. "Kinaboa katikati" ni kinyongo. "Kuanzia sura ya saba kila mazungumzo yanarudia ugomvi wa sura ya nne bila kuongeza habari" ni tahakiki.

Mara ya pili usisome chote. Rudia sura ya kwanza, moja ya katikati, na ya mwisho. Sura ya kwanza ikisomwa upya huonyesha nini kilipandwa mapema, na hapo ndipo utamjua fundi na mbabaishaji. Usiandike siku uliyomaliza kitabu. Siku hiyo mwisho wa hadithi unakuwa bado umekushika, na utausifu kuliko unavyostahili.

Katika kuandika, maneno 600 hadi 900 yanatosha kwa riwaya moja. Muhtasari usizidi theluthi ya hapo. Weka nukuu mbili au tatu fupi, sentensi mbili kila moja, na zichaguliwe kuonyesha sauti ya mwandishi, si kuthibitisha dhamira. Hili linakosewa sana: mhakiki anaisifu lugha ya kitabu kwa maneno yake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na msomaji hajaonja hata mstari mmoja wa lugha inayosifiwa. Kisha linganisha na kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho msomaji wako huenda anakijua. Kimoja tu. Ukilinganisha na vitano unaonyesha maktaba yako, huelezi kitabu.

Kasoro itajwe, na iwe ya kitabu, si ya mtu. Mji wetu ni mdogo. Mwandishi anayejichapishia nakala mia chache huenda mnakutana naye Soko Matola au kanisani, na ndiyo maana tahakiki nyingi za vitabu vya nyumbani hugeuka kuwa salamu za pongezi. Anayeumia ni mwandishi mwenyewe, kwa sababu msomaji akidanganywa mara moja hanunui cha pili. Tenganisha makosa ya mwandishi na ya mchapaji: tahajia mbovu, nafasi zilizopotea na majina yanayobadilika njiani ni upungufu wa uhariri, na yatajwe hivyo kwa mstari mmoja. Hadithi isiyosimama ni jambo jingine, nalo linastahili aya nzima.

Siri ya hadithi, na mfano wa Isimani

Kanuni inayofaa kwa riwaya nyingi: usieleze tukio lililopita theluthi ya kwanza ya kitabu. Kinachomfanya mhusika aondoke nyumbani ni halali kukitaja. Atakapofikia si halali. Kwa riwaya za upelelezi kuwa mkali zaidi, ishia mahali maiti inapookotwa.

Lakini kuna vitabu vinavyoibana kanuni hii. Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1975, na msomaji wa Iringa ana sababu yake ya pekee ya kuisoma: tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, katika siku za kampeni ya mashamba ya ujamaa. Riwaya nayo inakutanisha mkulima aliyefanikiwa na serikali inayotaka ardhi. Ukimwambia msomaji "soma, utaikumbuka Isimani", umemwambia mwisho. Usipomwambia, umemnyima sababu nzuri kuliko zote ya kuifungua. Kwa maoni yetu, kitabu cha nusu karne kilichofundishwa vyuoni hakina siri tena, kwa hiyo useme. Kwa kitabu cha mwaka jana usiseme. Mwambie tu kwamba watu wa Nyanda hizi za Juu Kusini watakuta jambo lao ndani.

Mvuto wa nyumbani una hatari nyingine. Riwaya za Kiswahili zenye mandhari ya Tukuyu, Makete au Njombe ni chache mno ukilinganisha na za Unguja na Dar es Salaam. Ikitokea moja, wapenda vitabu huku huipigia debe kabla ya kuisoma. Isifiwe kwa baridi ya Juni iliyoandikwa sawasawa, au kwa mazungumzo ya wachumaji chai yanayosikika kweli. Kutaja Mlima Rungwe kwenye ukurasa wa kwanza bado si mandhari.

Kiswahili cha visiwani mikononi mwa msomaji wa bara

Sehemu kubwa ya riwaya bora za Kiswahili imeandikwa na Wazanzibari, na msomaji aliyekulia kwenye Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, akajifunza Kiswahili shuleni na sokoni, hukutana nazo kwa taabu kiasi. Kuna mikato kama ile ya jina Vuta N'kuvute, kuna msamiati wa vyombo, mavazi na nyumba ambao Mbeya hauna matumizi ya kila siku. Wahakiki wa bara hufanya makosa mawili. Wengine huita mambo hayo makosa ya lugha, na si makosa. Wengine husema "Kiswahili kitamu cha pwani" wakaishia hapo, kana kwamba msomaji atashibishwa na utamu asioufahamu.

Pima badala ya kusifu. Fungua kurasa tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, uhesabu maneno yanayokulazimisha kusimama. Yakiwa mawili au matatu kwa ukurasa, muktadha utayabeba. Yakifika saba au nane, mtu anahitaji Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) karibu, au msomaji mwenzake wa Unguja, na ni haki aambiwe mapema. Kama ukurasa wa mwisho una maneno magumu machache kuliko wa kwanza, ujue huenda si kitabu kilichorahisika. Ni wewe uliyezoea. Hilo nalo ni habari njema ya kumpa unayempendekezea.

Tafsiri ina tabaka mbili, na zihukumiwe mbalimbali. Kwa Peponi, kisa cha kijana Yusuf anayetolewa na baba yake kufidia deni, pamoja na msafara wa kwenda bara, ni kazi ya Gurnah. Pumzi ya sentensi na jinsi watu wanavyosemezana kwa Kiswahili ni kazi ya mfasiri. Njia ya haraka ya kupima tabaka la pili ni kusoma mazungumzo kwa sauti. Mtumwa, tajiri na mama wa nyumbani wanapaswa kuitana na kujibizana kama watu wa daraja zao. Wakisikika wote kama taarifa ya habari, mfasiri ameshindwa, hata kama hakuna neno lililokosewa.

Riwaya zinazokataa kushikika

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni vitabu vyembamba, na wembamba huo umeponza wengi. Mtu anadhani atamaliza jioni moja. Hakuna kisa kinachokwenda mstari mmoja, nafsi zinabadilika, na maswali ya falsafa yanajibiwa kwa picha. Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) iko upande huohuo ingawa ina mlango mpana zaidi: msimulizi asiye na jina anazungushwa duniani kana kwamba dunia ni kijiji kimoja, na kejeli ya utandawazi inaonekana hata kwa msomaji ambaye hajang'amua kila rejeleo.

Hizi zisipendekezwe kwa mtu anayerudi kusoma baada ya miaka kumi. Zikipendekezwa, ziende na mpangilio: anza na Babu Alipofufuka, ambayo ina mzimu lakini ina pia familia, ofisi na gari, kisha Bina-Adamu!; Nagona baadaye. Na mwambie msomaji asome Nagona kwa vikao vifupi, sura moja kwa kikao, bila kulazimisha kila picha iwe na maana kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Anayeisoma kwa mkondo mmoja huishia kusema mwandishi alikuwa anajifurahisha.

Tuzo ni kielekezi kizuri, mradi ujue zinapima nini. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanza 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, imetuletea Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali (mshindi wa 2017) na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon (2018). Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Zote hupokea miswada, kwa hiyo walichosoma majaji na unachonunua wewe vinaweza kutofautiana kwa uhariri wa miezi mingi. Muhuri wa tuzo kwenye jalada hauondoi kazi ya kusoma kurasa ishirini kwanza.

Kupata nakala na kupanga muda

Kwa kundi la wasomaji wanne au watano, kila mmoja anunue kitabu tofauti na vizunguke, badala ya wote kununua kimoja. Nauli ya kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam inagawanyika, na mwisho wa mzunguko kila mtu amesoma vyote. Hasara yake ni kwamba hamtajadili kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Wanaotaka mjadala wanunue nakala mbili za kimoja na wapokezane kwa wiki. Maktaba ya mkoa iulizwe kwanza kabla ya kuagiza.

Riwaya ya kurasa 250 kwa wiki nne ni kama kurasa 63 kwa wiki, tisa kwa siku. Hiyo inawezekana Juni na Julai, giza linapoingia mapema na baridi inawafungia watu ndani. Desemba, mvua zimeanza na watu wako shambani, hata kurasa tisa ni nyingi. Mpe mtu mkusanyiko wa hadithi fupi. Kitabu kinene kama Ua la Faraja ya William Mkufya, inayochukua muda kuwajenga watu waliokumbwa na UKIMWI na jamaa zao, kikitolewa msimu wa kupanda kitarudi kikiwa na alama ukurasa wa 40, na lawama atapewa Mkufya.

Mtu anaporudisha kitabu, usimuulize kama alikipenda. Atasema ndiyo kwa adabu. Muulize aliishia ukurasa wa ngapi, na kwa siku ngapi. Aliyeishia kabla ya 30 huwa ameshindwa na lugha au na wingi wa majina, kwa hiyo mpe kitabu cha mwandishi huyohuyo chenye wahusika wachache, au mwandishi wa bara kwanza. Aliyeishia katikati alielewa lakini hadithi ilimwacha. Mpe yenye sura fupi. Aliyemaliza kwa siku mbili mpe kinachofanana nacho kwa mwendo, hata kama dhamira zake ziko mbali kabisa. Na aliyefika mwisho kwa miezi miwili lakini anakumbuka jina la kila mhusika, huyo ndiye wa kumkabidhi Nagona.